Nani Alichimba Kisima? Juu ya Riwaya ya Ofisi Tuliyoshindwa Kuiandika

Mwezi wa saba, baridi ya huku kwetu ikiwa imeshika kweli, nilimwazima kijana mmoja wa hapa Endagikot nakala yangu ya *Kuli*, riwaya ya Shafi Adam Shafi. Kijana huyu anaandika programu za kompyuta. Ameajiriwa na kampuni ndogo iliyoko mjini, mbali na hapa, ila kodi ya chumba ilimshinda, akaomba afanyie kazi nyumbani kwa wazazi wake. Ukipita kwao saa nne za usiku unakuta taa ya kile chumba cha pembeni bado inawaka, na mama yake atakwambia, "Yuko kazini," kwa sauti ya mtu ambaye bado hajakubali kwamba ile ni kazi.

Alinirudishia kitabu baada ya siku tano. Akasema, "Kaka, hawa jamaa ni sisi kabisa."

Nikamuuliza, sisi nani?

Akafikiri kidogo. "Sisi wa ofisini." Halafu akacheka. "Ila sisi hatuwezi kugoma. Tuko kwenye grupu moja na bosi."

Nimetembea na jibu hilo tangu siku ile, maana naona limegusa kitu ambacho sisi wapenzi wa fasihi ya Kiswahili tumekipita pembeni. Tuna riwaya nzuri ya wabeba mizigo wa bandarini. Riwaya ya watu wanane waliobanana chumba kimoja, kila mmoja na laptopu yake, wakila chipsi mayai saa tano usiku kwa sababu mteja anataka mfumo wake kesho asubuhi, hiyo bado. Na watu hao wapo. Ni wadogo zetu, na wengine ni sisi wenyewe.

*Kuli* ilitoka mwaka 1979. Inamfuata Rashidi, mtoto wa kuli aliyefia kazini bandarini Unguja, ambaye naye anaingia kazi ile ile iliyomuua baba yake, na taratibu, akiwa bega kwa bega na Faraji, anafika kwenye mgomo wa mwaka 1948. Mgomo huo haukubuniwa na mwandishi, ulitokea kweli na uliitikisa Zanzibar ya Waingereza. Shuleni tulifundishwa kuisoma kama riwaya ya matabaka na ukombozi, na mtihani ukatuuliza hivyo hivyo, "fafanua dhamira," tukafafanua. Sina ugomvi na usomaji huo. Ila kilichobaki kichwani mwangu miaka yote hii ni kitu kidogo kuliko hapo: namna watu walioanza kila mmoja na njaa yake na deni lake la dukani wanavyofika mahali pa kusema "sisi" na neno likakubalika. Neno hilo hakuna aliyewagawia. Wamelilipia. Mgomo unapofika, msomaji anajua bei yake, kwa hiyo anaamini.

Sasa linganisha na ofisi katika riwaya zetu nyingine. Mara nyingi ofisi ni mlango tu. Mhusika anaingia kutafuta kazi, anaombwa rushwa, au bosi anamtaka kimapenzi, basi, tunatoka. Kwa Musiba na kwa Mtobwa ofisi ni pahali pa kupokea simu kabla ya kwenda kufukuza majambazi. Mtu ambaye angeweza kutupa ofisi kutoka ndani ni Shaaban Robert, kwani alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, akianzia idara ya forodha mwaka 1926, na akaandika wasifu wake mwenyewe, *Maisha Yangu* na *Baada ya Miaka Hamsini*. Lakini humo tunamwona zaidi yeye, adabu yake na uvumilivu wake, kuliko watu waliokaa naye meza kwa meza. Na alipotunga *Utubora Mkulima*, shujaa wake anaiacha kazi ya mjini, anakwenda kulima. Nakipenda sana kitabu hicho, hasa nikiwa huku kwenye majaruba ya vitunguu swaumu. Hata hivyo naona kimetuachia tabia: ofisi katika fasihi yetu ni mahali pa kuondoka. Kinachotokea kati ya siku ya kuingia na siku ya kuondoka hatukiandiki.

Na kwenye kampuni ndogo ya programu, katikati hapo ndipo penye hadithi.

Niseme nilipolijulia hili. Kwa karibu miaka miwili nilifanya kazi kwenye kampuni ya aina hiyo, sitaitaja. Mimi siandiki msimbo. Kazi yangu ilikuwa maneno: kuhakikisha kila kitufe na kila ujumbe unaotokea kwenye simu ya mtumiaji umekaa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Ni kazi yenye historia yake hapa nyumbani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ndogo ya Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na wale waliokaa kubishana kama *file* iwe "faili" au neno jingine walikuwa wakifanya uhakiki wa fasihi bila kuuita hivyo. Nilipoanza kazi nilijiona mjukuu wao.

Siku ya kwanza niliambiwa, "Hapa hakuna bosi na mfanyakazi. Hapa sisi ni familia." Mwenye kampuni alikuwa anaitwa braza na kila mtu. Tulikuwa tunaanza siku kwa mkutano wa kusimama, mmoja mmoja anasema jana alifanya nini na leo atafanya nini, halafu tunapiga makofi. Nikiri kwamba nilifurahi. Mtu aliyetoka kwenye ofisi ya serikali ambako unasimama mlangoni ukisubiri mkubwa ainue uso, akija mahali pa kumwita mkubwa braza, anaona amefika peponi.

Ila ukiwa na kazi ya maneno sikio halilali. Nilianza kusikia kitu kwenye vitenzi. Mwezi mbaya braza alisema: *tumepoteza* mteja, *tutavumilia*, mishahara *tutaisogeza* wiki mbili. Mwezi mzuri alisema: *kampuni imepata* mkataba, *kampuni itaamua*. Hasara ilikuja na kiambishi *tu-*, faida ilikuja na *i-*. Sidhani kama alijua anafanya hivyo. Zipo lugha zenye "sisi" mbili, moja ya kumjumuisha unayeongea naye na nyingine ya kumwacha nje. Kiswahili kina moja tu, na mle ndani unaweza kumwingiza mtu asubuhi ukamtoa jioni bila kubadilisha herufi.

Halafu kulikuwa na dada aliyepika chai, aliyefagia, aliyejua nani hali maharage na nani ana vidonda vya tumbo. Kwenye kila taarifa kwa wafadhili tulijiandika kuwa timu ya watu tisa. Ukimhesabu yeye tulikuwa kumi. Mimi ndiye nilikuwa nasahihisha Kiswahili cha taarifa hizo, na sikuwahi kuisahihisha ile tisa. Hili ndilo linaloniuma zaidi kuliko yaliyonipata baadaye, ambayo ni ya kawaida tu: mkataba wangu uliisha Ijumaa, na kabla sijafika stendi nilikuwa nimeondolewa kwenye grupu. Ule mstari mdogo wa kijivu. Grupu liliitwa Familia.

Niliporudi Endagikot nilikuwa na muda, nikaanza kutafuta ni nani ameandika habari hizi. Waliotangulia ni Wamarekani na jirani zao, na si ajabu, kazi hii ilianzia kwao. Nitataja vitabu viwili tu.

Cha kwanza ni *The Soul of a New Machine* cha Tracy Kidder, cha mwaka 1981, si riwaya, ni kisa cha kweli cha kikosi kidogo ndani ya kampuni ya Data General kilichojenga kompyuta mpya kwa haraka ya kutisha. Kidder aliona jambo moja kwa jicho kali sana. Wale vijana hawakuamrishwa kufanya kazi mpaka usiku wa manane. Waliombwa wajiunge kwa hiari yao, na mtu akishajiunga kwa hiari hawezi tena kulalamika kwa nani? Anajilalamikia mwenyewe. Yumo pia mhandisi mmoja aliyechoka kuhesabu muda kwa vipande vya sekunde ambavyo akili haivioni, akaacha barua kwamba anakwenda kuishi mahali ambako kipimo kifupi cha muda kitakuwa majira ya mwaka. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Utubora huyo, jamani! Massachusetts!

Cha pili ndicho riwaya hasa: *Microserfs* ya Douglas Coupland, ya mwaka 1995. Imeandikwa kama shajara ya Daniel, kijana wa Microsoft. Mwanzoni kabisa mwenzake Michael anapata barua pepe ya kumshushua kutoka juu, anajifungia ofisini, hatoki, na Daniel anakwenda dukani kumnunulia vyakula bapa vinavyoweza kupita chini ya mlango. Ukurasa mmoja tu na umeshajua kila kitu: kazi iliyoingia ndani ya mtu mpaka ikamfungia mlango, na rafiki asiyejua kusema pole ila anajua kusukuma jibini chini ya mlango. Baadaye kikundi kinahama, kinaanzisha kampuni yake ndogo, na ofisi inakuwa nyumbani kwa wazazi wa Daniel. Baba yake amepunguzwa kazi IBM. Mwisho mama anapata kiharusi, na kampuni nzima inamzunguka kitandani, naye anaongea nao kwa kuandika kwenye kompyuta.

Nililia hapo, sifichi. Lakini sikuamini. Au niseme niliamini tukio, sikuamini matumizi yake. Coupland anataka tukubali kwamba kampuni na familia zinaweza kuyeyuka zikawa kitu kimoja, na kifo kikisogea karibu anazimwagia vyote viwili machozi yale yale. Ni ufundi mzuri na ni hila vilevile. Kwa sababu mama haachishwi umama mkataba ukiisha. Msomaji wa huku kwetu, ambaye ndugu kwake ni ada ya shule na mchango wa msiba na shamba lisilogawanyika, anajua familia ina uzito gani. Ukimwambia ofisi ni familia, ana haki ya kuuliza: nikiugua mtaniuguza? Nikifa mtanisafirisha? Ndiyo maana nasema riwaya hii tukiiandika sisi haitakuwa ile ile na majina yamebadilishwa. Neno "familia" kwetu lina madeni ndani yake ambayo Daniel hayajui.

Hadithi yenyewe tunayo tayari, tena ni ya zamani. Bibi alitusimulia, na najua wewe msomaji bibi yako alikusimulia pia, iwe uko Tabora au Kitui. Ukame umekuja, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima. Sungura anakataa kuchimba. Kisima kinapotoa maji sungura anakuja kunywa kwa ujanja, anawahadaa walinzi mmoja baada ya mwingine, mpaka kobe aliyejipaka ulimbo anamnasa. Kwa watoto ni hadithi ya ujanja. Nikiisoma leo naona ni hadithi ya mahali pa kazi, na swali lake ni moja tu: nani alichimba, nani anakunywa? Kwenye kampuni ndogo za programu swali hilo linaitwa hisa. Wale wanane wanachimba usiku, wanaambiwa maji yakitoka tutakunywa wote, na karatasi ya kusema hivyo haijaandikwa. Tofauti na hadithi ya bibi ni kwamba huyu sungura anatoa hotuba ya motisha.

Huku Mbulu tuna namna ya zamani ya kualikana kazi. Mtu ana shamba la kupalilia au nyumba ya kujenga, anawaita majirani, wanakuja asubuhi, na yeye anaandaa pombe na chakula. Watu wa nje wakiona wanasema, aa, umoja wa Waafrika, wanapiga picha. Hawaoni hesabu. Aliyekuita leo wewe utamwita kesho, na asipokuja watu wote wanajua. Pombe ikiwa nyepesi inasemwa hadharani. Deni linazunguka. Hata *slufay*, yale maombi ya wazee wa Kiiraqw, mzee haombi peke yake: anatamka, na waliokaa wanaitikia, na mwitikio huo ni sehemu ya maombi yenyewe. Nikikumbuka ule mkutano wetu wa kusimama na makofi yake, naona tulikuwa na mwitikio bila neno la kuitikia. Tulikuwa tunaitikia orodha ya kazi.

Sisemi turudi kijijini, na wala sisemi kijiji ni pepo. Kwenye hizo kazi za kualikana wapo pia wanaopika na kubeba maji wasiohesabiwa, nao ni wanawake kama yule dada yetu wa chai. Nasema mwandishi wa Kiswahili ana vipimo vya kupimia "sisi" ya ofisi, na hajavitumia.

Kuna anayesema habari hizi haziwezi kuandikika kwa sababu hakuna kinachoonekana. Kuli anabeba gunia, gunia linaonekana, mgongo unaonekana. Mwandika programu amekaa. Hoja hii naiheshimu, ni tatizo halisi la ufundi. Lakini tazama yaliyotokea Kenya. Mwanzoni mwa 2008, katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, watu wachache walijenga kwa siku chache ramani ya kwenye mtandao ya kupokea taarifa za raia na kuipa jina la Kiswahili, Ushahidi. Hofu, redio inayobanwa, ujumbe wa simu unaoingia usiku ukisema nyumba inaungua: huko ni kukaa, na hakuna riwaya yenye mapigo ya moyo zaidi ya hapo. Miaka kumi na mitano baadaye, tarehe 1 Mei 2023, Nairobi, zaidi ya wafanyakazi 150 waliokuwa wakichuja picha na maneno ya kutisha kwa ajili ya makampuni ya Facebook, TikTok na ChatGPT, wengi wao kupitia makampuni ya kati, walikutana wakapiga kura kuunda chama chao. Hao hawakuwa kwenye kampuni ndogo kama zetu. Lakini nilipoisoma habari ile niliona bandari ya Unguja. Walikaa, hakuna gunia, na migongo ilikuwa imevunjika. Na "sisi" yao hawakugawiwa na mtu.

Tatizo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni la lugha. Ofisi zile zinasema hivi: "Nimepushi, wewe merji halafu dipuloi, ikikrashi usiniamshe." Mwandishi wetu akiisikia sentensi hiyo anashika kichwa. Akiisafisha iwe Kiswahili cha Baraza, watu wake wanakufa hapo hapo. Akiiacha ilivyo, mhariri anamrudishia mswada na wino mwekundu. Mimi nimekuwa huyo mhariri, kwa hiyo najua. Ushauri wangu, kwa aliye tayari kuusikia: iache. Hiyo si Kiingereza. Sikiliza viambishi, *nime-*, *iki-*, *usini-*, sarufi yote ni yetu, na ndani ya viambishi hivyo ndimo ilimo siasa yote ya ofisi. Shafi hakuwaomba radhi wasomaji wa bara kwa Kiswahili cha Unguja. Hata mwandishi wa ofisi ya programu asituombe radhi sisi wa vitabuni. Atuonyeshe tu ni nani anasema *tu-* na ni lini anaacha kusema.

Na amhesabu dada wa chai. Kama ningeambiwa nichague msimulizi ningempa yeye. Anaingia kabla ya wote, anatoka baada ya wote, anasikia simu za braza akiwa jikoni, na hakuna anayezima skrini akipita.

Yule kijana alipomaliza *Kuli* aliniomba kingine cha namna hiyo. Nilisimama mbele ya rafu yangu kwa muda, nikapitisha kidole. Mwishowe nikampa *Microserfs*. Akageuza, akaona ni cha Kiingereza, akauliza kama cha Kiswahili hakuna. Nikamwambia akiandike yeye. Akacheka, akatazama simu yake, akasema hawezi kwa sasa, wako kwenye sprinti mpaka Ijumaa.